Maiki ya Nyuso Mbili

Wivu ulimwingia Javan Ooko kwa masikio. Mwingine angeona kwanza, angepepesa macho, angejidanganya kwamba labda ni binamu. Lakini Javan masikio ndiyo jembe lake, ndiyo yanayomlisha, na Ijumaa ile yalimletea vicheko viwili kutoka getini. Cha kwanza kilikuwa cha Kageha. Hicho alikijua kama mtu anavyojua funguo zake gizani. Cha pili kilikuwa kizito, cha mwanamume, na kilisikika kama kilichokwisha kuzoea kutembea kando ya kile cha kwanza.

Aliuegemeza ufagio ukutani. Studio yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba ya Mama Rosebella, mtaa wa West Indies, mjini Eldoret. Mabati juu, mablanketi ya kijivu na magunia ukutani ili sauti isirukeruke. Hapakuwa na kioo cha kumtenga fundi na mwanamuziki kama kwenye studio za wakubwa. Anayerekodi na anayerekodiwa walivuta hewa moja. Kwa miaka miwili Javan alikuwa akiihesabu hiyo kuwa baraka.

"Hodi, fundi," Kageha alisema, akiinama kupita mlangoni, kasha la tarumbeta begani. "Nimekuja na mgeni. Huyu ni Lawrence Wakoli, mwenye ile bendi ya Nairobi niliyokuambia."

"Uliniambia ni bendi," Javan akajibu. "Hukuniambia ina miguu."

Kageha alicheka. Lawrence naye akacheka, cheko la mtu asiyeogopa kitu. Alikuwa na miaka thelathini na mitano hivi, viatu vinang'aa na barabara yote ile ina matope. Alivua koti lake la kahawia taratibu, akalitandika juu ya kiti cha Javan. Hakuuliza kiti ni cha nani. Mle ndani kiti chenye mgongo kilikuwa hicho kimoja, na tangu kiingie hapakuwa na mtu aliyekikalia ila mwenyewe.

Shughuli iliyowaleta ilikuwa ya kueleweka. Bendi ilitaka mpiga tarumbeta wa kuzunguka nayo miezi sita. Wenzake Lawrence walitaka kumsikia Kageha kabla ya saa kumi na moja jioni ile: wimbo mmoja, uliorekodiwa vizuri, utumwe kwa barua pepe. Ukiwaingia, Jumatatu angepanda basi. Usipowaingia, walikuwa na mpigaji mwingine kule Thika.

Miezi sita. Javan aliitafuna hiyo hesabu bila kuimeza.

Kageha alifungua kasha, na pamoja na tarumbeta akatoa kitu ambacho Javan hakuwahi kukiona mikononi mwake. Kilikuwa kidude cha alumini, kinene tumboni na chembamba shingoni, mfano wa kibuyu kidogo cha mursik, maziwa ya kugandisha.

"Kizibo," akasema, na uso wake ukawa na furaha ya mtoto aliyepewa kiatu kipya. "Lawrence amenipa. Unakichomeka hapa kwenye mdomo wa tarumbeta, sauti inabadilika kabisa. Ngoja usikie."

"Tarumbeta wazi linahubiri," Lawrence alidakia. "Likizibwa linanong'ona. Na watu wa siku hizi wamechoka kuhubiriwa, fundi."

Linamnong'onea nani, Javan alijiuliza. Kwa sauti alisema, "Sawa."

Mama Rosebella alipita dirishani na karai la sukuma wiki, akachungulia. "Leo mnapiga tena ile kelele?"

"Leo imefungwa mdomo, Mama," Kageha alimjibu upesi.

"Afadhali. Mungu hujibu." Wale wanawake wawili wakatazamana kidogo, kama watu wenye agano lao, kisha mwenye nyumba akaenda zake na karai lake.

Lawrence alijinyoosha. "Halafu, Kageha, ukifika nyumbani umpe mama asante yangu tena. Kuku wa jana alikuwa mtamu. Na firigisi akanipa mimi, mama wa watu."

Javan akauachia waya aliokuwa ameushika.

Aliyezaliwa upande wa ziwa, kama Javan, au upande wa Vihiga, kama kina Kageha, hahitaji kuelezwa habari ya firigisi. Haipakuliwi ovyo. Huwekwa kwenye sahani ya mwenye nyumba, au ya yule ambaye nyumba inamtaka. Mama Mideva, mamake Kageha, alikaa mtaa wa Langas, na kwa miaka miwili Javan hakuwahi kuonja kwake hata shingo ya kuku. Alichopata ni maneno ya kupelekewa: mama amesema mtu wa nyaya atalisha nani, mama amesema hao wa ziwani maneno mengi. Na sasa huyu wa koti, aliyekuja jana, amekula firigisi.

"Hongera," alisema, akaenda kufungua sanduku lake la maiki.

Zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa ile ya jukwaani, ngumu kama mchi, iliyozoea harusi na mikutano ya injili. Ya pili ilikuwa kondensa, yenye masikio makali, inayosikia mpaka mate yakimezwa. Ya tatu ilikuwa imefungwa kwenye skafu ya sufu, na aliachiwa na mzee Lazarus, fundi mstaafu wa redio aliyemfundisha kazi. Ndani yake mlikuwa na utepe wa bati, mwembamba kuliko ganda la kitunguu, na utepe huo ndio unaotikiswa na sauti. Mzee alimkabidhi kwa masharti. "Usiipulizie moja kwa moja, utaichana. Na usisahau hii ina nyuso mbili, Javan. Inasikia mbele na inasikia nyuma, sawasawa. Uziwi wake uko ubavuni tu. Kwa hivyo wewe kaa ubavuni." Ndiyo sababu kiti kilikaa pale kilipokaa, na miguu yake ilikuwa imechorewa alama za chaki sakafuni.

Fundi yeyote aliyefunzwa akafunzika anajua kwamba tarumbeta lenye kizibo cha bati lina mlio mkali, wenye mikwaruzo juu. Ukiliwekea maiki yenye masikio makali, karibu, uso kwa uso, umelimaliza. Linataka sikio pole. Linataka utepe. Javan aliyajua hayo kama alivyojua jina la mamake.

Mkono wake ukachukua kondensa.

"Hii ni ya kisasa," alimwambia Kageha bila kumtazama. "Inasikia kila kitu." Maneno yalikuwa kweli tupu; uongo ulikuwa kwenye stendi. Akaisogeza maiki mpaka shubiri moja kutoka kwenye kizibo, akainyoosha ikatazamana nacho.

Kageha alipiga. Chumbani, hewani, ilikuwa sauti nzuri, ya mbali, kama mtu anayeimba ndani ya blanketi. Kisha Javan akairudisha kwenye spika, na kilichotoka mle kilikuwa nyigu aliyefungiwa kwenye mkebe.

Kageha alilitazama tarumbeta lake, akaligeuza, kana kwamba kosa lingekuwa limeandikwa mahali.

"Ndivyo ninavyosikika?"

Hakuuliza kwa kulaumu. Hapo ndipo palipomchoma Javan. Angemlaumu, angekuwa na la kujibu.

"Labda mimi ni wa bendi ya kanisa tu," Kageha aliendelea, sauti ikishuka. "Baba alikuwa akisema nimezaliwa na mdomo wa tarumbeta. Labda alisema kwa kuwa ni baba."

"Wacha hayo," Lawrence akasema, na mkono wake ukaenda ukatua begani kwa Kageha. Javan aliutazama mkono ule kama mtu anayetazama moshi juu ya paa lake. "Tatizo si wewe. Tatizo ni hapa. Kwa magunia haya hata malaika angesikika hivyo. Nitawaomba wenzangu siku mbili. Kesho nikubebe mwenyewe nikupeleke studio ya maana."

Kesho. Kwa hila yake mwenyewe Javan alikuwa amempa Lawrence siku mbili katika zile alizobaki nazo na Kageha.

Wivu ulimwambia nyamaza, wimbo umeharibika, wa Thika atapata kazi. Fahari ikamuuliza utanyamazaje, na umeambiwa kwako ni kwa magunia? Lakini kilichomnyanyua ni ule mdomo wa Kageha, uliokuwa ukitetemeka kidogo kwenye pembe, mdomo ambao marehemu babake aliusifu.

"Toa hiyo," alisema. "Ilikuwa maiki mbaya."

"Aliyechagua ni nani?" Lawrence akauliza.

"Mimi."

Akafungua skafu. Akaweka maiki ya mzee Lazarus shubiri mbili na nusu kutoka kwenye kizibo, akaipinda kidogo ili upepo upite kando na utepe usiumie. Akaongeza usikivu, kwa maana tarumbeta lililozibwa lina sauti ndogo. Aliongeza mpaka sindano ya kipimo cha sauti ikacheza kwa kimya kitupu.

"Sasa hata nzi akikohoa ataandikwa," alisema. "Mkubwa, viatu vyako vinalia. Ungetungojea nje."

Lawrence alitabasamu, akatoka na simu yake mkononi. Koti lilibaki.

Nje mawingu yalikuwa yameshapanda kutoka upande wa Burnt Forest, meusi chini. Ilikuwa inaingia saa saba, na mvua ya mchana ya Eldoret haina subira. Ikishaanza kupiga mabati, harekodi mtu. Palikuwa na nafasi ya kupiga mara moja.

Javan alikiendea kiti chake. Koti lilikuwa limekikumbatia mabega yote mawili na lilinukia manukato. Ili aketi, ilimpasa alinyanyue kwa mikono yake, alikunje, alitafutie pa kulitundika, kama mtumishi. Alisimama mbele yake akipumua kwa pua.

Hakuligusa. Alivuta kreti tupu ya soda, akaipindua, akaketi upande wa pili wa maiki, akitazamana na Kageha, maiki katikati yao.

"Piga," alisema.

Kageha alifumba macho. Ulikuwa wimbo wa babake, wa mwendo wa polepole, ambao Javan alikuwa ameusikia mara mia ukihubiri. Leo ulimjia kwenye hedifoni ukinong'ona. Alisikia midomo ikigusa tarumbeta. Alisikia pumzi ikiingia kabla ya kila mstari, karibu, kana kwamba amelaza kichwa kifuani kwake. Na kila pumzi ilimuuma, maana alijiambia kwamba mnong'ono huu umefunzwa na mwingine, kwa kidude cha mwingine, kwa ajili ya mwingine.

Akazivua hedifoni. Akaziweka magotini. Na kwa kuwa tangu utotoni uchungu wake ulikuwa unatafuta vina, midomo ikaanza kumchezea yenyewe, chini kwa chini:

"Firigisi kala yeye, mimi nala harufuye;
pumzi yako nijuaye, aifaidi mwenzangu."

Wimbo ulipanda. Javan akainamisha uso. "Nenda basi," akanong'ona. "Nenda na bati lake. Anajua nini huyo? Anajua kwamba kabla ya noti ya juu unavuta pumzi mara mbili? Mimi ninajua. Nakupenda na sijawahi kukwambia kwa mdomo uliofunguka. Na ile maiki ya kwanza nilikutegea, Kageha. Nilitaka usikike vibaya, ubaki."

Kageha alivuta pumzi mara mbili, akaifikia noti ya juu, akaishusha polepole mpaka ikaisha. Tone la kwanza likagonga bati.

Lawrence aliingia mbio, mabega yamelowa. "Tusikie."

"Mpigaji husikia kwanza," Javan alisema. Ndiyo ilikuwa desturi ya chumba kile. Akampa Kageha hedifoni.

Alimtazama akisikiliza. Uso ulifunguka, macho yakafumba, pembe za midomo zikapanda. Amejisikia, Javan akawaza. Amemsikia babake. Kisha macho yakafumbuka. Yakaitazama maiki, yakatazama kreti iliyo nyuma yake. Yakahamia kwenye kiti, kwenye koti. Mwisho yakaja kwa Javan, na hayakuondoka.

Mbele na nyuma, sawasawa. Sauti ya mzee Lazarus ilimjia ikiwa imechelewa kwa wimbo mzima. Damu ilimpanda Javan mpaka kwenye ncha za masikio.

"Vipi?" Lawrence aliuliza.

Kageha alivua hedifoni. "Kuna kitu kiligonga katikati. Tutarudia mvua ikikatika."

Lawrence akatazama saa. Alikuwa na mtu wa kuonana naye mjini. "Nitumieni kabla ya saa kumi na moja," alisema, akachukua koti lake, akajifunika kichwa, akatokomea kwenye mvua.

Mabati yalikuwa yakinguruma sasa, na waliobaki ilibidi wasemezane kwa kelele, hata maneno ambayo watu huyasema chini.

"Ulinitegea maiki mbaya."

"Nilikutegea."

"Nilijiona sina kitu, Javan. Nilimwona baba mwongo. Kwa ajili ya firigisi?"

"Alikupa kizibo!"

"Nilikiomba mimi." Akalinyanyua lile bati mbele ya uso wake. "Mwezi uliopita Mama Rosebella alinisimamisha hapo getini. Akaniambia hiyo tarumbeta ikilia hapa tena, huyu kijana ahame. Nikakiomba kwa mtu wa kwanza niliyesikia anacho, akanitumia kwa basi. Wiki tatu najifunza kunong'ona, usije ukatupwa nje na mablanketi yako."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeenda kumjibu. Ungemjibu kwa shairi, na jioni ungekuwa barabarani na sanduku."

Javan akashika lililobaki. "Na mama yako?"

"Mama yangu amefanya nini? Lawrence alikuja akabisha mlango wa mbele. Akaketi. Akaeleza ananipeleka wapi, nitalala wapi, nitarudi lini. Wewe miaka miwili unanifikisha getini, unageuka. Mama anasikia viatu vyako vikienda. Ulitaka firigisi akufuate nayo nyuma ya mgongo?"

"Nilikuwa nangoja niwe na kitu cha kusema nikiulizwa."

"Kitu gani?"

Javan alizungusha macho kwenye magunia. "Chumba chenye kioo."

Kageha alitaka kuendelea kukasirika, na alikuwa na haki. Lakini pembe ya mdomo ilimsaliti. Akageuka, akafuta tarumbeta kwa kitambaa, akafuta tena palipokwisha kuwa safi. Waliisikiliza mvua ikipungua, kutoka ngurumo ikawa vidole, kutoka vidole ikawa matone ya ukingoni. Ilikuwa saa kumi kasorobo.

"Kaa ubavuni," Kageha alisema.

Javan akakiendea kiti chake, akakiweka juu ya alama za chaki, akaketi. Akavaa hedifoni, na safari hii hakuzivua, ingawa kila pumzi ilimpitia palepale. Wimbo ulimjia mwepesi, wenye joto, mikwaruzo yote imelainika, kama mtu anayekuambia siri huku akitabasamu. Alijua, kabla haujafika katikati, kwamba wa Thika ameikosa kazi.

Ulipoisha, Kageha alilaza tarumbeta kwenye kasha. "Tuma."

"Mimi?"

"Wewe. Nikiondoka Jumatatu, iwe ni mkono wako ulionifungulia njia."

Akaenda akasimama mlangoni, akampa mgongo, akitazama ua uliolowa. Javan aliketi mbele ya kompyuta. Nyimbo mbili za maiki ya utepe zililala pale, moja chini ya nyingine: wa kwanza wenye sauti yake ndani, ulioharibika, na wa pili. Kidole kimoja tu. Angeweza kukosea, na nani angemshtaki? Jumatatu ingepita kama Jumatatu nyingine. Alimtazama Kageha pale mlangoni, shingo yake, nywele zilizofungwa kwa haraka. Akaandika anwani ya Lawrence Wakoli, herufi kwa herufi. Akabonyeza.

"Imeenda."

"Ni ile ya pili," Kageha alisema bila kugeuka.

"Umejuaje?"

"Umevuta pumzi mara mbili."

Javan akafuta macho kwa mkono wa shati. Mama Rosebella alipita uani akiruka madimbwi, akawatazama mmoja mmoja, akaamua kwamba siku hiyo hana la kulalamikia.

"Na ile ya kwanza?" Javan aliuliza. "Niifute?"

"Niwekee kwa flashi. Hiyo haikutungiwa bendi." Akageuka sasa, kasha begani, na uso ulikuwa bado haujamsamehe wote. "Jumapili, saa saba, mama anapika. Firigisi sikuahidi, hiyo ni yake. Lakini ukija, Javan, ubishe kwa nguvu. Nyumba ile imezoea kusikia viatu vyako vikienda."